Uungwana wa Barazani: Tuupime kwa Kipimo Gani?



Siku ya Pasaka iliyopita kijana mmoja wa mtaa wetu alirudi kutoka mjini, akaingia kanisani amevaa kanzu nyeupe ndefu, na kofia ya mkono iliyoshonwa kwa uzi wa rangi ya maziwa, na makubadhi miguuni, na bakora mkononi. Na kila alipopita harufu ya udi ikamfuata. Watu wote wakageuka kumtazama, hata wale wakaao mbele. Ibada ilipokwisha, maneno yakaanza chini ya mwembe. Mzee mmoja akasema, "Huyu amesilimu." Wa pili akasema, "La, amekuwa mvivu tu. Hayo ni mavazi ya watu wasioshika jembe." Mama yake hakusema neno mbele ya watu, lakini aliponikuta njiani akaniambia, "Mwalimu, kwa bei ya kofia ile ningenunua sare na madaftari ya umbu lake kwa mwaka mzima. Nawe wajua kwamba mtoto yule anaandika nyuma ya karatasi za mwaka jana."

Jioni nikamwita yule kijana, nikamwuliza maana ya mambo yale. Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, mjini vijana wengi tumechoka na haraka. Twapenda mwendo wa wazee wa kale: kuvaa vizuri, kuketi barazani jioni, kunywa kahawa na kuzungumza pole pole. Nao ndio uungwana."

Neno hilo likanikaa moyoni. Sisi walimu ni wepesi kuandika juu ya upuuzi wa mjini, na pengine twaandika juu ya mambo tuliyoyasikia tu. Basi shule ilipofungwa nikavuka bahari kwenda Unguja, mahali ambapo mwendo huo umekaa miaka mingi, nikaketi jioni tatu katika baraza za Mji Mkongwe pamoja na watu nisiowajua. Haya niandikayo ni kipimo changu baada ya kuona. Anayeona nimekosea na aniandikie.

Kwanza nitaeleza uzuri, maana si haki kumshitaki mtu kabla ya kumtaja kwa jina lake. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe na chokaa, na vichochoro vyake ni vyembamba, hata jua la saa nane halifiki chini. Kando ya kuta nyingi, pande mbili za mlango, limejengwa kalio refu la mawe, nalo ndilo baraza. Tazameni busara ya waliojenga hivyo: mwenye nyumba aweza kumpokea mgeni asiyemjua bila kumwingiza ndani penye wake na watoto, na mpita njia aweza kupumzika bila kuomba ruhusa. Yaani ukuta wa mtu mmoja umekuwa kiti cha watu wote. Mwaka 2000 mji huo uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, nami naona kwamba kama majumba yake yalistahili, basi na makalio yale ya mawe yalistahili pia.

Jioni ikifika huja muuza kahawa na dele lake la shaba juu ya makaa, akivigonganisha vikombe vidogo visivyo na mikono, na mlio ule ndio kengele ya kuwaita watu. Kahawa ni chungu, nawe hutafuna kashata ya karanga au ya nazi kuupoza uchungu. Wengine hucheza bao, wengine karata. Hapo zamani mmoja aliyejua kusoma alikuwa akiwasomea wenzake gazeti kwa sauti, sasa kila mtu ana habari zake katika simu, lakini bado nilisikia habari moja ikitajwa, na wazee watatu wakaipima kama dukani, huyu akiuliza, "Nani kasema?" na huyu akijibu, "Hiyo ya mwaka jana, si ya leo." Nikafikiri kwamba watoto wangu wa darasa la saba wangefaidi kuketi pale saa moja.

Tena kuna adabu yake. Ajaye husalimu kwanza, na aliyeketi hujisogeza. Kijana hamkati mzee maneno. Mzaha ni mwingi, lakini aliyefiwa hataniwi, na mdaiwa haulizwi deni mbele ya watu. Jioni ya kwanza nilipouliza jambo moja kwa haraka, kama mtu wa ofisini, mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Kunywa kwanza kahawa, Mwalimu. Swali halitapoa." Nikaona haya, kwa kuwa nalikuwa nimesahau hata kuuliza hali yake.

Na mavazi nayo yana elimu yake. Kofia ya mkono si kitu cha kushonwa kwa mashine siku moja. Kitambaa hukunjwa, hutobolewa vitundu vidogo sana, na kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano, hata maua na nyota zitokee. Na kazi hiyo huchukua majuma mengi, pengine miezi. Wanaoshona ni wanaume na wanawake, na wengi hushona wakiwa wameketi wanazungumza. Basi yule aliyesema kwamba ni mavazi ya wavivu amemwangalia mvaaji, hakumwangalia mshonaji. Na aliyesema kwamba mvaaji amesilimu, huyo amesahau kwamba padre wetu naye husimama madhabahuni amevaa kanzu nyeupe, wala hakuna aliyemwuliza dini yake.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa nataka kusema neno zito, kwa kuwa watu wausifuo uungwana wa kale mara nyingi huruka ukurasa huu.

Jioni ya pili nilitembea kutoka barazani hata Mkunazini, nao si mwendo mrefu. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa, hata lilipofungwa mwaka 1873. Na mwaka ule ule, siku ya Krismasi, likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu ambalo Askofu Steere alilijenga, nalo lasimama hata leo. Nikasimama mlangoni, nikajiuliza: wale mabwana wa karne ya kumi na tisa, walioketi barazani tangu alasiri hata usiku, nani alikuwa akichuma karafuu zao? Nani aliteka maji ya birika yao, na nani alizifua zile kanzu hata zikawa nyeupe kama mbalamwezi? Starehe yao ilikuwa na miguu, na miguu hiyo ilikuwa ya watu wengine. Babu zetu wa bara walishuka pwani kwa minyororo ili mtu mwingine apate nafasi ya kuzungumza pole pole.

Wala si mavazi tu yaliyotofautiana kwa bei. Mavazi yalikuwa sheria. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, ameeleza habari nyingi za waungwana na watumwa katika kitabu cha Desturi za Waswahili, kilichopigwa chapa huko Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Katika desturi hizo za zamani mtumwa hakuwa na ruhusa ya kufunika kichwa chake kwa kofia wala kuvaa viatu mbele ya mabwana. Ndiyo maana neno lenyewe, muungwana, maana yake ya kwanza haikuwa mtu mwenye adabu; ilikuwa mtu asiye mtumwa. Adabu ikafuata nyuma, kana kwamba asiye huru hawezi kuwa na adabu. Twajua kwamba huo ni uongo. Mtu aliyeteka maji akamsalimu kila aliyempita njiani alikuwa na adabu kuliko aliyeketi akingoja kunyweshwa.

Kwa hiyo, kama ningesimamisha kalamu hapa, ningesema yule mzee wa chini ya mwembe amepata, na kijana wetu avue kofia. Lakini habari haikukoma hapo, na sehemu inayofuata ndiyo iliyonigeuza moyo.

Mwaka 1897 sheria ya Unguja iliondoa utumwa, ijapokuwa masuria waliachwa nje hata mwaka 1909. Watu waliowekwa huru, na watu wa bara waliokuja kutafuta kazi, wakakaa zaidi upande wa pili wa hori, mahali paitwapo Ng'ambo. Je, watu hao walifanya nini? Waliichukua kofia iliyokuwa imekatazwa, wakaivaa. Wakavaa kanzu ndefu na viatu. Wanawake wakaiacha kaniki nyeusi, wakavaa kanga za rangi, na wengine wakavaa buibui kama mabibi wa mjini. Wakajenga nyumba za udongo na fito, na mbele ya nyumba hizo wakajenga baraza. Basi ndugu, msifikiri kwamba huo ulikuwa upuuzi wa mapambo. Mtu aliyekatazwa kufunika kichwa chake, siku anapokifunika anasema neno kubwa kuliko hotuba. Anasema, "Mimi nami ni mtu."

Ikawa vivyo hivyo katika muziki. Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, alileta wapigaji kutoka Misri wampigie katika jumba lake. Mwaka 1905 waungwana wa mjini wakaanzisha chama chao cha taarabu, Ikhwani Safaa, wakaimba kwa Kiarabu. Ilikuwa starehe ya waliobarikiwa nafasi. Kisha akaja Siti binti Saad, mtoto wa watu waliotoka utumwani, mzaliwa wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu vya udongo. Hakuwa na nasaba, wala hakuwa na mlango wa kuingilia. Lakini akaimba kwa Kiswahili, na habari alizoimba zilikuwa pia za watu wa kawaida, za mahakama zisizo na haki na za wanaume wadhalimu. Na mwaka 1928 akachukuliwa hata Bombay, sauti yake ikatiwa katika santuri, zikauzwa pwani yote. Alipofariki mwaka 1950 muziki wa jumbani ulikuwa umekwisha kuwa muziki wa Ng'ambo. Shaaban Robert akaandika wasifu wake, na kila mwalimu angefaa kuusoma.

Hapa ndipo nilipokiona kipimo nilichokitafuta. Starehe ya kiungwana si njema wala si mbaya kwa asili yake. Twauliza inamfungia nani mlango na inamfungulia nani. Baraza iliyomweka mtumwa amesimama ni ile ile kwa mawe yake, lakini si ile ile kwa roho yake, na baraza ambayo mjukuu wa mtumwa amejisogeza kumpisha mgeni kutoka bara, mwalimu asiyejua hata kuuliza hali.

Lakini kuna hatari mbili nilizoziona, nami sitazificha.

Hatari ya kwanza ni mashindano. Wazee wetu wanaikumbuka habari ya ngoma ya beni, iliyoanza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ikaenea bara wakati wa vita ya 1914 hata 1918. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi. Dar es Salaam kulikuwa na Marini na Arinoti. Walijipanga kwa vyeo kama askari na mabwana wa Ulaya, wakavaa mavazi safi, wakasaidiana katika maziko na ugonjwa, nalo lilikuwa jambo jema. Lakini chama hiki kikifanya karamu, chama kile lazima kifanye kubwa zaidi, na fedha ya mwaka ikaliwa kwa usiku mmoja. Uzuri ukishakuwa shindano, hauna mwisho ila deni. Na leo nawaona vijana wa mjini, kanzu hii ya mtindo wa mwaka huu, kofia ile ya bei ya juu. Kisha hujipiga picha wameshika kikombe cha kahawa, wakaitazama picha hata kahawa ikapoa, na mzee aliyeketi kando yao hakusalimiwa. Hao wameununua ukuta wa baraza wakaliacha kalio lake.

Hatari ya pili ni hii: jioni zote tatu sikuona mwanamke hata mmoja ameketi pale na vikombe. Nilimwona mmoja akikaanga mihogo kwa kuuza, na mwingine akipita haraka na mtoto na kapu. Nikakumbuka lile swali langu la Mkunazini. Watumwa hawapo tena, lakini kama mume aketi hata saa tatu usiku na mke ana kuni, maji, watoto na kufua, basi tumebadili jina la mtumishi tu. Nasi wa kijijini tusicheke, maana chini ya mwembe wetu ni vivyo hivyo.

Pengine mtu ataniuliza, "Mwalimu, basi si heri kuacha kuketi kabisa? Tulifundishwa kwamba kupoteza muda ni dhambi." Nami nalifundishwa hivyo, nikafundisha hivyo, tena kwa ukali. Nilipokuwa mwalimu mpya nalimdharau mzee mmoja wa kijiji chetu aliyeketi mchana kutwa mlangoni pake, akisalimiana na kila mtu. Nalimwita moyoni mtu bure. Kisha ukatokea ugomvi wa mpaka kati ya koo mbili, mapanga yakatolewa. Mimi nikaleta karatasi na kalamu, hakuna aliyenisikia. Wakamwendea yule mzee. Naye akajua nani alipanda mti upi, na baba wa nani alimwazima nani shamba, na katika mwaka wa njaa gani, kwa kuwa miaka arobaini alikuwa ameketi akisikiliza. Akawapatanisha kabla jua halijachwa. Siku ile nalijua kwamba kuna kuketi kunakolaza akili, na kuna kuketi kunakoweka akiba ya kijiji kizima.

Basi nikimpima kijana wetu, na kila aupendaye uungwana wa mjini, nitamwuliza maneno matatu. La kwanza, nani anayelipa starehe yako? Kama ni jasho lako, na walio wako wamekula, vaa kofia yako kwa amani. Lakini kama ni madaftari ya umbu lako, basi kofia hiyo umeifuma kwa uzi wa mtu mwingine, kama mabwana wa karafuu. La pili, nani hana nafasi katika baraza yako? Mtume Yakobo aliwaonya watu waliompa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na kumwacha maskini amesimama, na onyo lile lafaa kwa kalio la mawe kama lifaavyo kwa viti vya kanisa. La tatu, umeondoka na nini ulipoinuka? Ikiwa umesikia neno la mzee, au umempatanisha mtu na ndugu yake, au umecheka tu na mwili ukapumzika baada ya kazi, hukupoteza kitu. Ikiwa umeondoka na picha yako mwenyewe, umeondoka na ulichokuja nacho.

Maneno haya naliyasema kwa yule kijana kabla hajarudi mjini. Akanisikiliza bila kunikata, nalo likanifurahisha, kisha akatabasamu akaniambia, "Nimekusikia, Mwalimu. Lakini nawe hiyo tai na koti zito saa sita ya mchana, wavaa kwa ajili ya nani?" Nikanyamaza. Kwa kweli tai yangu naliinunua mwaka nilipotoka chuoni, ili watu wa kijiji wanijue kwamba si mwenzao tena. Tangu siku hiyo naifunga Jumapili tu, na hata Jumapili natafakari.

Kofia hakuiuza, wala mimi sikumwambia aiuze. Lakini usiku wa mwisho nilipopita kwa mama yake naliwakuta wote watatu kizingitini penye taa, yeye na mama na umbu lake, wanachambua maharage ya mbegu na kuzungumza pole pole, naye ana kofia yake kichwani. Nikasalimu, wakajisogeza, nikaketi. Madaftari bado hayajaja. Ameahidi mwisho wa mwezi, nami nitamkumbusha. Wahenga wetu walisema, uungwana ni vitendo.

Ndimi ndugu yenu,
Mwalimu wa shule ya kijiji